Kielelezo Nambari Moja: Sufuria ya Pilau

Walinipa keki. Kwa miaka kumi na minane nilipanda ngazi za magorofa ambayo lifti zake zimekufa, mpaka goti langu la kulia likastaafu kabla yangu, na daktari akachukua upande wa goti. Basi wakaninunulia keki yenye jina langu kwa sukari, herufi moja imekosewa, na inspekta mpya, kijana mzuri tu, akatoa hotuba kwamba mimi nilikuwa daraja kati ya polisi na jamii. Nimeitwa daraja mara nyingi katika kazi hii. Anayekuita hivyo mtazame viatu.

Nyinyi wawili mliochukua nafasi yangu (naona kazi ya mama mmoja wa darasa la tano sasa inataka watu wawili wenye digrii) mliniomba niwaandikie kidogo mambo ya kazini. Mimi si mwandishi. Kisomali changu ni cha mamangu, Kiholanzi changu ni cha miaka sita ya kungoja makaratasi huko Uholanzi, Kiingereza changu nimekiokota hapa Birmingham, Coventry Road. Kiswahili ndicho nilichofundishwa nacho kushika kalamu, shuleni Isiolo, kwa hiyo ndicho ninachoandikia. Najua nyinyi mnakisikia vizuri lakini mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza. Someni polepole. Faida nyingine ni kwamba nitataja watu kwa majina yao, na wengi wao hawataweza kuisoma.

Siku yangu ya kwanza sikujua ni siku ya kwanza. Nilikuwa msafishaji pale kituoni, zamu ya asubuhi, vyoo na korido. Nikasikia kelele mapokezi. Mzee mmoja wa Kitanga alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja, na askari watatu wamemzunguka, mmoja mkono uko kwenye rungu. Mzee ameshika mfuko wa plastiki na hataki kuuachia. Nikaweka ndoo chini, nikamwamkia, nikamuuliza kuna nini baba. Akanieleza kwamba msikitini mtu alichukua viatu vyake kwa bahati mbaya akaacha vingine, na hivi vilivyoachwa ni vizuri zaidi, vya ngozi, na yeye hawezi kulala na viatu vya mtu ndani ya nyumba. Alikuja kuvirudisha. Kelele ilikuwa kwa sababu walimwambia ajaze fomu ya kuibiwa, na yeye anasema hajaibiwa, amefaidika.

Nikawatafsiria. Yule mwenye rungu akaondoa mkono. Jumatatu iliyofuata wakaniuliza kama naweza kuja bila ndoo.

Hakuna aliyenifundisha kazi ila mtu mmoja, Konstebo Doreen Tranter, mwanamke mnene wa Stechford aliyekuwa amechoka na kila kitu isipokuwa watu. Aliniita "bab", kama wanavyoitana wenyeji wa Birmingham, na mimi kwa mwezi mzima nikadhani amesahau jina langu. Doreen alinifundisha kuandika saa kabla ya kuandika neno. Alinifundisha kwamba mlango ukifunguliwa usiseme polisi, sema jina lako na jina la mama yako kama wanamjua. Na alinifanyia jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kila karatasi iliyokuja mezani kwangu, alivuta kiti akaisoma kwa sauti, kana kwamba anajisomea mwenyewe. Hakuniuliza hata siku moja kama naweza kusoma Kiingereza. Naweza, mstari wa kwanza. Kuanzia wa pili herufi huanza kusukumana kama watu wa foleni ya basi.

Vifaa vya kazi. Nyinyi mna simu mbili na kompyuta. Mimi nilikuwa na soksi. Tatizo lilikuwa buti: askari haruhusiwi kuvua buti kazini bila sababu, na mama wa Kisomali haruhusu buti kwenye zulia lake hata kwa sababu. Inspekta wetu wa wakati ule, Neville Hallam, akaona amepata ufumbuzi. Akatuletea vile vifuko vya plastiki vya bluu vya kuvalisha juu ya viatu, vinavyotumika mahali palipouawa mtu. Nyumba ya kwanza tuliyoingia navyo, mtaa wa Alum Rock, mama mwenye nyumba alitazama miguu ya askari akaanza kulia, akauliza ni nani amekufa chumbani kwake. Tulikuja habari ya baiskeli. Tangu siku hiyo nilitembea na jozi sita za soksi nyeusi kwenye mkoba, maana askari nao wakikubali kuvua buti utashangaa vidole unavyokutana navyo. Ripoti ya Hallam ilisema vifuko vya bluu vimepokelewa vizuri na jamii.

Sasa niwape kesi ile, maana najua mmeisikia vibaya jikoni mwa kituo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Zakaria, miaka ishirini na mmoja, mwana wa Kaltuma tuliyetoka naye Isiolo. Alikuwa anaendesha gari la kupelekea watu mboga na nyama kutoka duka moja la mtaa wa Small Heath. Asubuhi moja ya mvua, karibu na stesheni ya Stechford, alimgonga mama mmoja Mkongo kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mama Béatrice, wa Bukavu, mjane, anasafisha ofisi. Mguu ulivunjika mara mbili. Zakaria alisimama, akamfunika kwa koti lake, akapiga simu ya ambulensi, akakaa naye kwenye maji mpaka wakaja. Hayo yote aliyaandika mwenyewe kwenye taarifa yake bila kujitetea. Alisema alikuwa anatazama nambari za nyumba badala ya kutazama mbele.

Polisi wakamwachilia kwa dhamana na karatasi ya masharti. Kijana huyo alikuwa amekubaliwa kujifunza uendeshaji wa treni, aanze baada ya miezi miwili. Kosa la barabarani pekee lingemtia doa na pengine wangemsamehe. Kosa lingine lolote juu yake, kwisha.

Karatasi ya masharti ililetwa kwangu nimweleze. Wiki hiyo Doreen alikuwa ameanza likizo ya wiki tatu, kwenye karavani yake, nyumba ya magurudumu, huko pwani ya Wales, anajilazimisha kufurahi kwenye baridi. Nikasoma mstari wa kwanza: asimkaribie Mama Béatrice wala kuwasiliana naye. Nikamwambia Zakaria hivyo. Akasema sawa eddo, yaani shangazi. Ukurasa ulikuwa na upande wa pili. Sikuugeuza.

Siku kumi na mbili zikapita. Nikaenda kumwona Mama Béatrice kwake, gorofa ya nne, lifti kama kawaida. Nilimkuta kwenye sofa, mguu juu ya stuli, amenuna. Nikadhani ni maumivu. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani, taratibu, ili nisikose hata neno:

"Mama Sahra, mutoto alinivunja mguu, sawa, ni ajali. Mais mama yake? Bandugu yake? Siku kumi na mbili, hata mutu moja hakukuya kusema pole. Banaona miye ni mbwa ya njiani?"

Usiku ule ule Kaltuma naye alinipigia simu analia. Kwao na kwetu ni kitu kimoja: mwanao akimuumiza mtu, unachukua wazee, unapika, unabeba kitambaa, unaenda kukaa chini kwenye nyumba ya aliyeumizwa na kuomba radhi. Usipoenda umetangaza kwamba ulipenda aumie. Watu wa dukani walikuwa wameanza kumpa Kaltuma mgongo. Mama Béatrice anangoja, Kaltuma anataka kwenda, na katikati niko mimi, daraja, nina jibu. Nikasema karatasi imemfunga Zakaria, haikukufunga wewe. Mwache kijana nyumbani, nendeni.

Ndiyo. Mimi. Nilisema nitataja wakosaji, nimeanza na yule ninayemjua zaidi.

Wakaenda Jumamosi mchana. Kaltuma, shangazi wawili, wajomba wanne wenye kofia na makoti marefu. Sufuria ya pilau ya mbuzi ilikuwa kubwa hata ikabebwa na watu wawili, imefungwa kwa shuka. Lifti mbovu. Sasa jirani wa gorofa ya tatu akachungulia kwenye tundu la mlango, akaona wanaume wanne wenye nyuso za msiba wanapandisha kitu kizito kilichofungwa kwa shuka, hawaongei, wanahema. Simlaumu kabisa. Na mimi ningepiga simu.

Askari walifika wakati Mama Béatrice amekwishavishwa kitenge kipya mabegani na ametamka neno la kusamehe, sahani ya kwanza inapakuliwa. Walipojua wale ni ndugu wa mshukiwa, na walipoangalia masharti kwenye kompyuta, upande wa pili wa ukurasa ukasomwa hatimaye: wala kupitia mtu mwingine yeyote. Kaltuma alikamatwa kwa kutisha shahidi. Zakaria alichukuliwa kutoka nyumbani, amekaa na dadake wanatazama mpira. Na pilau, kwa vile ndiyo silaha iliyotumika, ikakamatwa. Waliishusha gorofa nne. Wakaitia kwenye mfuko wa ushahidi, mfuko ukapata mvuke ndani, wakaubandika lebo: kielelezo nambari moja, sufuria, chuma, yenye chakula.

Nilifika kituoni nikaisikia harufu tangu maegesho ya magari.

Inspekta Hallam alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake hata siku ya mshahara. Alikuwa amekwisha kumpigia simu mtaalamu. Mtaalamu ni huyu Omar Gedi, aliyejiita mwenyekiti wa jamii yetu yote, Wasomali, Wakenya, Wakongo, na nadhani hata Wapolandi. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na kadi za jina zenye rangi ya dhahabu. Hallam alimuuliza wale watu walikwenda kufanya nini, na Gedi, badala ya kusema ukweli ambao kila mtoto wa Small Heath anaujua, akaona apandishe bei ya utaalamu wake. Akasema katika mila zetu wazee hutumwa kumlainisha mgonjwa afute kesi, na asipofuta, wanarudi mikono mitupu, na hapo ni hatari. Mikono mitupu! Hatari ya kwenda bila pilau. Hallam akayaandika yote.

Namtaja Gedi hapa kwa sababu wiki iliyofuata nilimkuta kwa kinyozi, nikamuuliza, akanijibu kwamba alinukuliwa vibaya. Bado ana kadi.

Nikaomba kuwaona waliokamatwa. Kaltuma alikuwa seli ya tatu, amekaa wima na mkoba magotini kama anayengoja daktari. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu kama pilau imefunikwa. Zakaria alikuwa seli ya mwisho, ameshika kichwa.

"Eddo," akasema, "si ulinisomea ile karatasi? Ilisema hivyo kweli?"

Nikasema ngoja.

Nikaenda chooni, choo nilichokisafisha miaka minne, nikakaa juu ya kifuniko. Njia ilikuwa rahisi sana. Hallam aliamini kwamba familia ilijiendea yenyewe, kwa ukaidi. Gedi alikwishaithibitisha. Kaltuma asingenitaja, tumekua naye. Ningenyamaza, kazi ingebaki, na siri yangu ya mstari wa pili ingebaki. Kijana angekosa treni. Angeendelea kupeleka mboga, kama bado ana leseni. Kuna watu wanaishi hivyo.

Nilipotoka nilimkuta Mama Béatrice mapokezi.

Alikuja kwa teksi, magongo mawili, plasta mpaka pajani, kitenge kipya bado mabegani. Aliegemea kaunta pale pale alipopiga yule mzee wa viatu. Alitaka kuandikisha taarifa ya wizi. Karani akadhani amekuja kutoa ushahidi wa kutishwa, akaita Hallam, Hallam akashuka mbio na daftari, akanivuta nitafsiri.

Mama Béatrice akasema kwamba alikuwa na wageni. Wageni walimletea chakula. Alipokea, alisamehe, chakula kikawa chake. Halafu wakaingia watu wenye buti kwenye zulia lake, wakachukua chakula na wageni. Wageni anaweza kuwangoja. Chakula anakitaka sasa.

Hallam akaniambia nimuulize kama aliogopa wale wanaume wanne. Nikamuuliza.

"Niliogopa, ndiyo," akasema. "Niliogopa sahani hazitatosha."

Nikatafsiri neno kwa neno. Hallam hakuandika. Akamwambia sufuria ni ushahidi, haiwezi kutolewa. Mama Béatrice akasema basi aione kwa macho. Alikuwa na haki hiyo, au alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki, ambayo pale kaunta ni kitu kile kile. Karani akatumwa stoo. Akarudi amebadilika uso. Akamnong'oneza Hallam, lakini mimi nilikuwa msafishaji wa pale, nimezoea kusikia visivyonihusu. Mfuko ulikuwa umefunguliwa. Pilau ilikuwa imepungua kutoka upande mmoja, kwa mstari ulionyooka, kama ukuta uliobomolewa na fundi.

Aliyekula ushahidi ni Sajenti Colin Mudge. Alikuwa na punje ya wali kwenye tai yake mpaka jioni. Alisema alikuwa anahakikisha hakuna kitu kilichofichwa ndani. Nimeshakutana na wezi wengi katika kazi hii na sijasikia utetezi mzuri kuliko huo.

Kwa mara ya kwanza nikamwona Hallam hana la kuandika. Ana shahidi aliyetishwa ambaye anashtaki polisi kwa wizi, na silaha ambayo imeliwa na sajenti wake. Bado angeweza kushikilia lile la masharti. Lilikuwa limevunjwa, hilo halikuwa na ubishi, na Zakaria ndiye angelibeba. Nikaona mlango umefunguka kidogo, na kwamba hautakaa wazi.

Nikasema, "Inspekta, andika hili. Kijana hakujua. Mimi ndiye niliyeletewa karatasi ile nimweleze, na mimi ndiye niliyewaambia waende."

Akaniuliza kwa nini niliwaambia waende na imeandikwa wazi upande wa pili.

Karani alikuwepo. Askari wawili walikuwepo. Mudge alikuwepo na punje yake. Nikasema sikugeuza ukurasa kwa sababu upande wa kwanza ulinichukua dakika ishirini. Nikasema nilisoma mpaka darasa la tano, kwa Kiswahili, na Kiingereza cha karatasi nasomewa, na anayenisomea yuko karavani. Askari mmoja akatazama viatu vyake. Miaka saba walikuwa wameniletea makaratasi.

Mama Béatrice akaniuliza nimesema nini mpaka wazungu wamenyamaza. Nikamwambia. Akafikiri.

"Miye pia sijui kusoma yao," akasema. "Mwambie anipe kiti."

Kaltuma na Zakaria walitoka kabla ya magharibi. Masharti yakabaki, ile habari ya kutisha ikafutwa. Mimi nikapewa barua ya onyo, upande mmoja tu, nadhani kwa heshima. Doreen aliporudi aliisoma kwa sauti, akafika mwisho, akasema imeandikwa vibaya, bab, akaenda kugombana na Hallam mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa na fomu. Kumbe ipo fomu ya mshukiwa na aliyeumizwa kukutana kihalali, mbele ya askari, wote wakikubali. Ilikuwa kwenye kabati la Hallam miaka yote, haijawahi kujazwa.

Tukaijaza. Doreen akasoma, mimi nikatafsiri, pande zote mbili. Wiki tatu baadaye tukakutana kituoni, chumba cha mikutano, chini ya taa nyeupe na bango la kukumbusha watu kufunga milango ya gari. Kaltuma alipika upya. Wajomba wanne wakavaa makoti yale yale. Doreen akaweka saa kwenye daftari. Zakaria alipaswa kusema maneno aliyoyafanyia mazoezi na mjomba wake, akayasahau yote, akasema tu kwamba hakuwa anatazama, na akashindwa kuendelea. Mama Béatrice alimwacha amalize kulia. Hakumsaidia wala hakumharakisha. Kisha akamwambia alete sahani. Mudge alipita mlangoni mara tatu, hakualikwa.

Mahakama ilimpa Zakaria adhabu ya barabarani, na wale wa treni waliisoma barua ya Mama Béatrice, aliyoisema kwangu na Doreen akaiandika, wakamchukua. Akipita Stechford na treni yake hunipigia honi, jambo ambalo haruhusiwi.

Lakini siku ile ya chumba cha mikutano, tulipomaliza, Mama Béatrice alikataa teksi. Alitaka basi, kituo kiko ng'ambo ya barabara. Zakaria akaondoka nasi mpaka ukingoni, akasimama. Hakuwa amevuka barabara yoyote na mtu tangu asubuhi ile. Mama Béatrice akampa gongo moja alishike, akamshika kiwiko kwa mkono uliobaki huru. Magari yakasimama. Basi likasimama, dereva anatazama saa. Zakaria akainua gongo juu kuyazuia, na badala ya kwenda hatua kwa hatua akataka kukimbia.

Mama Béatrice akamvuta nyuma.

"Polepole, mutoto," akasema. "Leo dereva ni miye."